Nkrumah: Msugua vyungu wa melini aliyeachia Afrika Magharibi chuo cha ubaharia

MELI ya kwanza ambayo Kwame Nkrumah aliikumbuka katika maisha yake ilikuwa meli iliyokwama.

Iliitwa Bakana, meli ya mizigo ya Waingereza iliyopanda mchangani karibu na mji mdogo wa Half Assini mnamo mwaka wa 1913, katika pwani ya koloni ambalo wakati huo liliitwa Gold Coast. Wazee wa Kinzema hawakuamini kwamba mkasa ule ulitokana na makosa ya nahodha pekee. Kwao, mizimu ya mito inayomwaga maji baharini ndiyo iliyoivuta.

Mabaki ya meli hiyo yalikaa pwani kwa miaka mingi, na yakawa kalenda ya ajabu kwa mtoto huyo wa sonara. Padri wa Kikatoliki aliyembatiza aliandika kwamba alizaliwa Septemba 21, 1909. Mama yake, Nyaniba, alipohesabu kwa sikukuu za kijadi alipata mwaka wa 1912. Nkrumah mwenyewe alikuwa na kumbukumbu ya mbali ya mkasa wa Bakana, na kwa kumbukumbu hiyo alijaribu kukisia umri wake.

Alizaliwa katika kijiji cha Nkroful, kusini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Ghana, lakini alilelewa Half Assini ambako baba yake alifanya kazi ya kufua dhahabu. Alisoma katika shule ya wamishenari wa Kikatoliki, akawa mwalimu mwanafunzi, kisha akapelekwa Accra na hatimaye katika chuo maarufu cha Achimota alikofuzu ualimu mwaka wa 1930. Alifundisha Elmina, Axim na katika seminari ya Amissano. Miji ya Elmina na Axim iko kando ya maji, na katika kila mmoja kuna ngome kongwe iliyojengwa na Wareno.

Pwani hiyo inahitaji kuelezwa kidogo, kwa sababu haifanani na ya Mombasa wala Lamu. Haina hori wala visiwa vya kuzuia mawimbi. Bahari ya Atlantiki hupiga nchi kavu moja kwa moja, na kwa karne nyingi hakuna meli kubwa iliyoweza kusogea ufuoni. Bandari ya Takoradi, iliyofunguliwa mwaka wa 1928, ndiyo ya kwanza ya kina kirefu katika koloni hilo.

Katika mji mkuu wa Accra, meli zilitia nanga mbali baharini. Magunia ya kakao yalibebwa vichwani hadi ufuoni, yakapakiwa katika mashua na kupigiwa makasia kupitia mawimbi hadi melini. Mashine, saruji na hata abiria walirudi nchi kavu kwa njia hiyo hiyo. Wapiga makasia hao walikuwa hodari kuliko mabaharia wengi wa Ulaya, lakini hakuna kati yao aliyeruhusiwa kushika usukani wa meli yenyewe.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Wakru wa Liberia na Sierra Leone, ambao tangu karne ya 19 walisifika kwa kazi ya ubaharia katika meli za Wazungu zilizotembelea pwani hiyo. Walipakia na kupakua shehena, wakachochea makaa katika vyumba vya injini. Ngazi ya kupanda hadi kwenye chumba cha nahodha haikuwekwa kwa ajili yao.

Nkrumah aliingia katika ulimwengu huo kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 1935, akiwa na hamu ya kwenda kusoma Marekani bila ya kuwa na nauli, alizamia meli iliyokuwa ikielekea Lagos ili akamwombe jamaa yake msaada. Waliomficha ni wachochea moto wa meli hiyo, marafiki zake, na safari aliifanya huko chini pamoja nao katika joto la tanuri. Jamaa huyo alimsaidia, na baadaye mwaka huo mwalimu huyo kijana akang'oa nanga kuelekea Liverpool, safari hii akiwa na tiketi.

Alipokuwa Uingereza akisubiri kibali cha kuingia Marekani, magazeti yalitangaza kwamba majeshi ya Mussolini yameivamia Ethiopia. Habari hiyo ilimchoma kama shambulio dhidi yake binafsi. Alivuka Atlantiki akiwa mtu mwenye hasira, akajiunga na Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilichokuwa kikisomesha watu weusi.

Miaka kumi aliyokaa Marekani husimuliwa mara nyingi kwa hesabu ya shahada. Alipata ya kwanza mwaka wa 1939, akaongeza ya theolojia, kisha nyingine mbili za elimu na falsafa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hesabu hiyo ni sahihi lakini inaficha jambo muhimu. Sehemu kubwa ya elimu yake ya uchumi aliipata melini.

Karo ilipomshinda, Nkrumah alijiandikisha katika chama cha mabaharia na wakati wa likizo akapata kazi katika meli ya abiria iitwayo Shawnee, iliyosafiri kati ya New York na Veracruz, Mexico. Alichukuliwa kama mhudumu wa mezani, kazi ambayo hakuijua. Hakukawia kushushwa cheo na kupelekwa jikoni kusugua vyungu. Baadaye akapandishwa hadi kuosha sahani, na mwishowe akafanywa tarishi.

Katika sufuria hizo alijifunza namna meli ilivyopangwa kwa matabaka, kuanzia chumba cha nahodha hadi jikoni, na rangi ya ngozi ya watu wa kila tabaka. Aliifanya kazi hiyo katika likizo zake hadi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1939.

Vita vilimpeleka mahali pengine pa bahari. Aliajiriwa katika karakana ya kuunda meli ya Sun katika mji wa Chester, Pennsylvania, akifanya zamu ya kuanzia saa sita za usiku hadi saa mbili asubuhi huku mchana akisoma. Majira ya baridi chuma kilikuwa baridi kiasi cha kunasa viganja vya wafanyakazi. Mwili ulimshinda, akalazwa hospitalini kwa ugonjwa wa nimonia, na nusura auage ulimwengu kabla ya dunia kumfahamu.

Ni vigumu kumpata kiongozi mwingine wa Afrika wa kizazi chake aliyezijua meli kwa namna hiyo, yaani kama mzamiaji, mwosha vyombo na kibarua wa karakana.

Mnamo Mei 1945 alihamia London, ambako George Padmore, mwanaharakati mzaliwa wa Trinidad, alimpokea. Oktoba mwaka huo walisaidiana kuandaa Kongamano la Tano la Umoja wa Waafrika mjini Manchester. Miongoni mwa walioshiriki alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa ameishi Uingereza kwa miaka mingi. Urafiki wao ulianzia katika vyumba hivyo vyenye baridi, miaka kumi na minane kabla ya Kenya kupata uhuru wake.

Novemba 1947 Nkrumah aliondoka Liverpool kwa meli kurudi kwao. Hakwenda moja kwa moja. Alishuka Freetown, akapitia Monrovia, akizungumza na wanasiasa wa huko kuhusu umoja wa Afrika Magharibi, ndipo akateremka Takoradi mwezi Desemba. Miji hiyo miwili aliyotua njiani itarejea katika simulizi hii.

Yaliyofuata yanajulikana. Ghasia za Februari 1948 zilizuka baada ya polisi kuwafyatulia risasi askari wastaafu waliokuwa wakiandamana, na serikali ya kikoloni ikamkamata yeye pamoja na viongozi wengine watano. Juni 1949 alianzisha chama chake, Convention People's Party. Januari 1950 aliitisha mgomo wa nchi nzima akafungwa katika gereza la James Fort, ngome ya zamani iliyo ukingoni kabisa mwa bahari jijini Accra. Akiwa humo ndani alishinda kiti cha bunge katika uchaguzi wa Februari 1951, na gavana akalazimika kumfungulia ili aongoze serikali.

Machi 6, 1957, Gold Coast ikawa Ghana. Katikati ya bendera yake mpya palikuwa na nyota nyeusi.

Nyota hiyo ilikuwa na asili yake baharini. Mwaka wa 1919, Marcus Garvey wa Jamaica alianzisha jijini New York kampuni ya meli iliyomilikiwa na watu weusi, akaiita Black Star Line. Maelfu ya watu wa kipato cha chini walinunua hisa. Kampuni ilinunua meli kuukuu kwa bei ya kuruka, ikaendeshwa vibaya, na ilipofika 1922 ilikuwa imekufa. Nkrumah, ambaye alikiri kwamba maandishi ya Garvey yalimgusa kuliko ya mtu mwingine yeyote, hakuona aibu katika anguko hilo. Mwaka ule ule wa uhuru, serikali yake iliunda shirika la meli la taifa na kulipa jina hilo hilo.

Wapo waliosema ilikuwa fahari tupu ya nchi changa. Hoja hiyo haikukosa msingi, kwa maana Nkrumah alipenda fahari. Hata hivyo, hesabu za kibiashara nazo zilikuwepo. Kakao yote ya Ghana, iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi, ilisafirishwa na meli za kigeni, hasa za kampuni ya Elder Dempster ya Liverpool. Makampuni hayo yalikuwa na umoja wao uliopanga nauli, na mkulima wa Ashanti hakuwa na sauti. Kila gunia lililoondoka liliacha sehemu ya thamani yake mikononi mwa mwenye meli.

Ghana haikuwa na ujuzi wa kuendesha shirika kama hilo, hivyo iliingia ubia na Zim, shirika la meli la Israel. Serikali ilichukua asilimia 60 ya hisa na Zim asilimia 40. Meli ya kwanza ilipewa jina la Volta River. Zilizofuata nazo ziliitwa kwa majina ya mito, maziwa na vijito vya nchi hiyo: Pra River, Tano River, Ankobra River, Lake Bosomtwe na nyinginezo. Mnamo 1960 Ghana ilinunua hisa za mbia wake, na shirika likawa mali ya umma kwa ukamilifu.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza bayana. Fedha zinaweza kununua meli katika muda wa wiki chache, lakini hakuna fedha zinazoweza kununua nahodha mzalendo ambaye hajazaliwa katika fani hiyo. Meli zilipeperusha nyota nyeusi huku maafisa wake wakiwa wageni.

Sheria za bahari hazina huruma kwa nchi changa. Kijana huanza kama mwanafunzi wa sitaha au wa injini. Akishamaliza muda uliowekwa akiwa baharini hufanya mtihani na kupata cheti cha ngazi ya chini ya uafisa. Hurudi baharini, akahesabiwa miezi tena, akafanya mtihani mwingine. Kutoka hapo hadi cheti cha unahodha au cha uhandisi mkuu ni safari ya miaka mingi, na hakuna waziri anayeweza kuifupisha kwa amri. Meli isiyo na maafisa wenye vyeti vinavyokubalika huzuiliwa bandarini, wala kampuni za bima haziitambui.

Kwa sababu hiyo, mnamo 1958, serikali ya Nkrumah ilianzisha Chuo cha Ubaharia cha Ghana katika mji wa wavuvi wa Nungua, mashariki mwa Accra. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha mabaharia na maafisa wa meli za Black Star Line. Vijana walifundishwa kusoma ramani za bahari, kutumia dira, kupima nyota, kuzima moto, kushusha mashua za kuokolea na kuitunza injini.

Hakikuwa chuo cha kuvutia wapigapicha. Mwaka huo Accra ilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kutazamwa. Mwezi Aprili yalikutana mataifa huru ya Afrika, na Desemba likafanyika kongamano la vyama vya ukombozi wa bara zima, lililoongozwa na kijana wa miaka 28 kutoka Kenya, Tom Mboya. Shirika la ndege la Ghana lilizaliwa mwaka huo, na mwaka uliofuata likaja jeshi la wanamaji. Vitabu vingi vinavyosimulia maisha ya Nkrumah havikitaji chuo cha Nungua hata kwa sentensi moja. Hilo ni kosa la waandishi.

Bandari nayo haikusahauliwa. Ujenzi wa bandari mpya ya Tema, kilomita chache mashariki mwa Nungua, ulianza mwaka wa 1954 na kukamilika kiasi cha kufunguliwa rasmi Februari 1962. Siku hizo ndipo kazi ya wapiga makasia wa Accra ilipofikia kikomo. Kizazi kilichobeba biashara ya nchi mabegani kikaachishwa kazi na gati la saruji, na watoto wa pwani wakaanza kuomba nafasi katika chuo kilichokuwa jirani.

Ingekuwa vyema kama simulizi lingeendelea hivyo. Lakini mtu huyo huyo aliyefungulia watoto wa wavuvi mlango wa chumba cha nahodha aliwafungia wengine mlango wa jela. Mwaka ule ule wa 1958 bunge lilipitisha sheria ya kuwazuilia watu bila ya kuwafikisha mahakamani. Wapinzani wakajazwa korokoroni. J. B. Danquah, mwanasheria aliyekuwa miongoni mwa waliokamatwa pamoja na Nkrumah mwaka wa 1948, alifia katika gereza la Nsawam Februari 1965. Mwaka mmoja kabla ya hapo nchi ilikuwa imegeuzwa rasmi kuwa ya chama kimoja na Nkrumah rais wa maisha.

Majaribio ya kumuua, likiwemo lile la guruneti katika kijiji cha Kulungugu Agosti 1962, yalimfanya ajitenge zaidi. Waliomzunguka walijifunza kumwambia aliyotaka kusikia. Mashirika ya umma yaliongezeka kuliko wataalamu wa kuyaendesha, na bei ya kakao, iliyopaswa kulipia kila kitu, ikaanguka vibaya mwaka wa 1965. Foleni za bidhaa zikarefuka huku serikali ikikamilisha jumba la kifahari la kuwapokea marais wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Januari 1966 alizindua bwawa la Akosombo katika mto Volta, kazi kubwa kuliko zote alizofanya. Mwezi mmoja baadaye, Februari 24, alipokuwa Uchina njiani kuelekea Hanoi kutafuta suluhu ya vita vya Vietnam, wanajeshi na polisi waliipindua serikali yake. Umati uliangusha sanamu yake jijini Accra. Wafungwa wa kisiasa walipotoka, wengi wao walishangiliwa na watu wale wale waliokuwa wamemshangilia yeye.

Rais Ahmed Sékou Touré wa Guinea alimpa hifadhi na kumtangaza rais mwenza. Nkrumah aliishi Conakry katika Villa Syli, nyumba iliyo kando ya bahari, akiandika vitabu, akipanda mawaridi na kungoja wito wa kurudi nyumbani ambao haukuja. Novemba 1970 wanajeshi wa Ureno waliuvamia mji huo usiku kutoka baharini, wakashindwa kuiangusha serikali ya Touré.

Afya yake ilikuwa imeshaanza kudhoofika kwa saratani. Alipelekwa kutibiwa Romania na kufariki jijini Bucharest Aprili 27, 1972. Guinea ilimzika Conakry kwa heshima za kitaifa, na baada ya mashauriano ya wiki kadhaa mwili ulirudishwa Ghana mwezi Julai, ukazikwa Nkroful. Mwaka wa 1992 ulihamishiwa Accra, katika uwanja ule ule alikotangazia uhuru, hatua chache kutoka baharini.

Chuo cha Nungua hakikupinduliwa. Serikali za kijeshi na za kiraia zilipokezana madaraka, kila moja ikibomoa kitu cha mtangulizi wake, lakini meli zilihitaji maafisa na chuo kiliendelea kuwatoa. Waliofuzu hapo walipanda ngazi cheti kwa cheti, hadi ikawa jambo la kawaida Mghana kuongoza meli ya Ghana.

Mabadiliko makubwa yalitoka nje. Mei 1975, mawaziri wa uchukuzi wa nchi za Afrika Magharibi na Kati walikutana Abidjan na kuunda jukwaa la pamoja la mambo ya bahari. Walikabiliwa na swali lile lile la Nkrumah, ila sasa likiwa la nchi nyingi. Mataifa yalikuwa na meli na bandari lakini yakikosa wataalamu, na gharama za kuendesha chuo cha ubaharia zilizidi uwezo wa nchi moja ndogo. Mashua za mafunzo, karakana za injini, mitambo ya rada na walimu wenye vyeti vya unahodha havipatikani kwa bei nafuu.

Uamuzi ulikuwa kuwa na vyuo viwili vya kanda, kimoja Abidjan kwa wanaotumia Kifaransa na kingine kwa wanaotumia Kiingereza. Mnamo 1982 serikali ya Ghana, iliyokuwa chini ya Jerry Rawlings, ilikubali kukitoa chuo cha Nungua kiwe mali ya wote. Mei 1983 kilifunguliwa upya kikiitwa Chuo cha Kanda cha Mambo ya Bahari. Wanachama walikuwa Ghana, Sierra Leone, Liberia, Gambia na Cameroon. Freetown na Monrovia, miji ambayo Nkrumah alitua mwaka wa 1947 akihubiri umoja, ilikuwa sasa na hisa katika chuo alichokianzisha.

Yafaa kukumbuka mwaka huo ulikuwaje. Mapema 1983 Nigeria iliwafukuza Waghana wapatao milioni moja, waliorudi kwao na mizigo vichwani. Ukame ulikuwa umeteketeza mashamba, moto ukaunguza misitu ya kakao, na watu walikonda kiasi kwamba mifupa ya shingo ikapewa jina la utani la mtawala. Katika njaa hiyo ndipo nchi tano zilipokubaliana kufundisha manahodha pamoja.

Mwaka uliofuata, mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia ulianza kutekelezwa, na masharti yake yakakazwa tena mwaka wa 1995. Kuanzia hapo chuo ambacho hakikutimiza viwango kiliwatoa wahitimu wasioajirika popote. Nungua ilibidi ibadilike au ife. Ilibadilika, na mnamo Oktoba 2007, Ghana ikiwa katika jubilii yake ya miaka hamsini chini ya Rais John Kufuor, chuo kilipandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu cha Kanda cha Mambo ya Bahari. Kufuor anatoka katika kambi ya kisiasa ya Danquah, ile iliyoteswa na Nkrumah.

Black Star Line haikuishi kuyaona hayo. Madeni, meli zilizozeeka na ujio wa makontena viliimaliza, na katika miaka ya 1990 shirika hilo likauzwa vipande vipande na kufungwa. Wahitimu wa Nungua wakalazimika kutafuta kazi katika meli za kigeni. Lakini waliingia humo kwa vyeti vyao, si kwa kuzamia.

Msomaji wa humu nchini ataona yanayofanana na yetu. Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ziliunda shirika la pamoja la meli katika miaka ya 1960, nalo likavunjika kufikia 1980. Chuo cha Bandari cha Mombasa kilianzishwa mwaka huo wa 1980, na ni mwaka wa 2018 tu kilipogeuzwa kuwa Bandari Maritime Academy ili kutoa mafunzo mapana ya ubaharia. Pwani hii imezoea vyombo vya bahari tangu enzi za majahazi ya pepo za kusi na kaskazi, ila katika suala la vyeti, Nungua ilitutangulia kwa zaidi ya miongo miwili.

Mwaka ule ule wa 2007 mafuta yaligunduliwa chini ya bahari upande wa magharibi mwa Ghana, na chuo kikapata soko jipya la wahandisi na mabaharia wa kuhudumia visima. Uchimbaji ulianza mwishoni mwa 2010 kwa kutumia meli kubwa mno inayopokea mafuta kutoka sakafu ya bahari, kuyasafisha na kuyahifadhi. Haisafiri. Imefungwa kwa minyororo kiasi cha kilomita 60 kutoka nchi kavu, katika maji ya mkoa ule ule ambao Bakana ilipanda mchangani, na ubavuni imeandikwa jina la Kwame Nkrumah.